Ghriba ya Djerba: Hija ya Mayai, Mishumaa na Askari

Kabla hujaona chochote kitakatifu katika sinagogi ya Ghriba, utaona askari. Barabara inayoingia kijiji cha Erriadh, kisiwani Djerba kusini mwa Tunisia, ina kizuizi, na mlangoni pana mashine ya kukagua mabegi mithili ya ile ya uwanja wa ndege. Ukishapita hapo, na kabla ya kukanyaga ukumbi wa ndani, unavua viatu. Wayahudi wa sehemu nyingine nyingi duniani huingia sinagogi na viatu vyao. Wa Ghriba hawafanyi hivyo. Mwanamume asiye na kofia huazimwa, mwanamke hufunika kichwa kwa kitambaa. Mtu aliyekulia Lamu au Ujiji hatahitaji kuelekezwa mara mbili.

Ndani ni buluu. Matao na mbao za ukutani vimepakwa buluu ya bahari, kuta zimevikwa vigae vya maua, na taa za mafuta zinaning'inia kwa minyororo. Wazee hukaa kwenye mabenchi, miguu wameikunja chini yao, wakisoma Zaburi kwa sauti ya chini bila kumjali sana mtalii anayepiga picha. Ukutani mwa kibla chao, kuelekea Yerusalemu, ndipo yalipo makabati ya hati za Torati, na chini yake pana shimo dogo, pango hasa, ambalo ndilo linalowatoa watu Paris, Marseille na hata Israeli yenyewe kuja mpaka hapa.

Jengo, tuseme ukweli, si la kale. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ilijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ikaongezwa na kukarabatiwa katika karne ya 20. Anayekwenda Djerba akitafuta mawe ya miaka elfu mbili atarudi amenuna. Kinachodaiwa kuwa cha kale ni mahali penyewe na jiwe moja lililomo ndani ya pango lile.

Wenyeji husimulia kwamba mwaka 586 kabla ya Kristo, Nebukadneza alipolibomoa Hekalu la Sulemani na kuwapeleka watu Babeli, kundi la makuhani lilikimbilia upande wa magharibi, likavuka bahari na kutua Djerba. Walibeba jiwe la Hekalu. Wengine husema ni mlango. Wakalijengea jiwe hilo nyumba ya sala. Wanahistoria hawana ushahidi wa safari hiyo, wala hakuna aliyechimba chini ya sakafu akatoka na jibu. Lakini simulizi hii ina mizizi mirefu katika maisha ya kila siku. Erriadh, ambayo zamani iliitwa Hara Sghira, yaani mtaa mdogo wa Wayahudi, ilikuwa makazi ya watu wa ukoo wa kikuhani. Hara Kebira, mtaa mkubwa, uko kilomita chache kutoka hapo, jirani na mji wa Houmt Souk. Na wanaume wa Kiyahudi wa Djerba wanaoshika desturi za kale huvaa suruali yenye utepe mweusi kwenye pindo la chini. Ni matanga ya Hekalu, yanayovaliwa mpaka leo.

Kisiwani pia husemwa kwamba hakuna Walawi, na sababu yake ni ya kuchekesha kidogo. Ezra, alipokuwa akikusanya watu warudi kulijenga Hekalu la pili, aliwapelekea ujumbe Wayahudi wa Djerba. Wakakataa kuondoka. Ezra akawalaani Walawi wa kisiwa, wakafa wote ndani ya mwaka mmoja. Wayahudi wa Yemen wana kisa kinachofanana na hiki, ila wao wanasema walimrudishia Ezra laana yake: asizikwe katika nchi takatifu. Na kweli, kaburi linalotajwa kuwa la Ezra liko Iraq, kando ya mto Tigris, katika mji uitwao al-Uzair, kwa jina ambalo wasomaji wa Kurani wanalifahamu. Kisa cha watu wa ugenini waliogoma kurudi nyumbani hakitungwi bure. Anayekisimulia anatetea haki yake ya kuishi pale alipo, na kuiita ardhi ya ugenini tukufu.

Simulizi ya pili ndiyo iliyoipa sinagogi jina lake, na kwangu mimi ndiyo nzuri zaidi. Msichana mmoja, gharibu asiyejulikana kwao wala dini yake, aliishi peke yake katika kibanda nje ya kijiji. Watu walimwogopa, wakamkwepa. Usiku mmoja kibanda kikashika moto, na hakuna aliyekwenda kuuzima. Asubuhi walimkuta amekufa, lakini moto haukumgusa. Mwili wake ulikuwa mzima, mzuri, kama wa aliyelala. Ndipo walipotambua kwamba walimwacha mtakatifu afe, wakajenga sinagogi pale kibanda kilipokuwa. Hivyo mahali patakatifu pa Wayahudi wa Djerba pameitwa Ghriba, yaani mgeni, kwa ajili ya mwanamke ambaye jamii ilimkosea, na wanawake wanaokwenda pale humtaja kama mtu wanayemfahamu.

Ndiyo maana hija ya Ghriba ni ya wanawake zaidi kuliko ya marabi. Wenyewe huiita ziara. Hufanyika katika siku zinazoishia Lag BaOmer, siku ya 33 ya kuhesabu majuma kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma, na mara nyingi huangukia mwezi Mei. Ni siku ya kumkumbuka Rabi Shimon bar Yochai, ambaye Wayahudi wanaamini amezikwa Meron, Galilaya. Siku hiyohiyo makundi makubwa ya watu humiminika Meron. Wengine hufunga safari ya kuelekea upande wa pili, kutoka Israeli kuja Afrika.

Mama anaingia akiwa na yai bichi mkononi. Juu ya ganda ameandika kwa kalamu jina la binti yake ambaye hajaolewa, au la mkwe wake ambaye hajapata mtoto. Mbele ya pango pana msongamano, na mlango wake ni mdogo, kwa hiyo anapiga magoti, anainama na kutanguliza mkono, huku wa nyuma yake wakimsukuma na kumpitishia mayai yao awawekee. Humo ndani mishumaa imewekwa karibukaribu na mayai yamerundikana, kila moja na jina lake, kwa Kifaransa, Kiebrania au Kiarabu. Joto la mishumaa huyapasha. Baadaye yai hutolewa, na mwenye jina lake hulila, akitumaini kwamba kabla ya ziara ijayo dua itakuwa imejibiwa. Aliyejibiwa hurudi mwaka unaofuata kushukuru, na huyo ndiye humshawishi jirani yake wa Paris naye akate tiketi. Marabi wenye msimamo mkali wanaweza kukunja uso wakiona haya. Mayai hayamo katika Torati. Lakini sijasikia kwamba kuna aliyethubutu kuwakataza akina mama hao.

Ng'ambo ya njia, mkabala na sinagogi, pana jengo liitwalo oukala: ua mpana uliozungukwa na vyumba vya ghorofa, walimokuwa wakilala mahujaji enzi ambazo hoteli za ufukweni hazijajengwa. Siku ya ziara ua huo hugeuka uwanja wa harusi. Pana wapiga muziki wa Kitunisia, nyama inachomwa, lozi na matunda makavu yanapitishwa, na boukha, pombe kali ya tini ambayo Wayahudi wa Tunisia wanajivunia kuwa ni yao, inamiminwa kwenye vikombe vidogo. Katikati husimama Menara, mnara wa shaba wenye pembe sita na ngazi juu ya ngazi, uliowekwa juu ya magurudumu. Mahujaji hununua vitambaa vya hariri na kuufunika, mpaka shaba yote inapotea na kubaki umbo la bibi harusi aliyejitanda. Mapambo na heshima za siku hiyo hupigiwa mnada kwa sauti, na fedha huenda kwenye matunzo ya sinagogi na kwa maskini. Kisha Menara husukumwa nje kwa vigelegele, kuzunguka kijijini. Zamani mzunguko ulikuwa mrefu. Miaka hii unafupishwa au kufutwa kabisa, kulingana na hali ya usalama.

Majirani wa Wayahudi hawa ni Waislamu, na hapo ndipo msomaji wa pwani yetu anapopaswa kusogeza kiti karibu. Djerba ni moja ya ngome za Waibadhi katika Afrika Kaskazini, pamoja na bonde la Mzab nchini Algeria na milima ya Nafusa nchini Libya. Ni madhehebu yaleyale ya masultani wa Oman na Zanzibar. Misikiti yao ya kale kisiwani ni myeupe, mifupi, isiyo na mapambo, na mmoja karibu na Sedouikech umechimbwa chini ya ardhi kabisa. Uhusiano wa Unguja na Waibadhi hao si wa kubuni: kiwanda cha chapa alichokianzisha Sultani Barghash mjini Zanzibar kilichapisha tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad Atfayyish wa Mzab, wakati ambapo vitabu vya Kiibadhi vilikuwa adimu kila mahali. Waibadhi nao walikuwa wachache waliokimbilia kisiwani ili waachwe wasali kwa namna yao. Huenda hilo ndilo lililowafanya wawavumilie wachache wengine, ingawa uvumilivu huo haukukosa vipindi vya uchungu. Mwanamke wa Kiislamu kuja Ghriba kuomba jambo lake si kioja kijijini.

Ukale wa Wayahudi nchini Tunisia, ule unaoweza kuthibitishwa kwa kijiti na kipimo, uko mahali pengine kabisa. Mwaka 1883, huko Hammam Lif karibu na mji wa Tunis, wanajeshi wa Kifaransa walifukua sakafu ya sinagogi ya zama za Kirumi yenye nakshi za samaki, ndege na mitende. Maandishi ya Kilatini yalieleza kwamba mwanamke aitwaye Juliana aligharamia sakafu ile ya sinagogi takatifu ya Naro kwa mali yake mwenyewe. Leo ukitaka kuziona nakshi hizo usiende Tunisia; nyingi ziko katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn, New York, lililozinunua mwaka 1905. Pale Naro hakuna anayesali. Kati ya sakafu halisi iliyo kabatini Marekani na jiwe lisilothibitishwa ambalo watu bado wanapiga magoti mbele yake, mimi nalihesabu la pili kuwa ndilo takatifu. Najua mwanaakiolojia hatakubaliana nami.

Ukiitazama ramani utaona kwamba maeneo mengi matakatifu ya Kiyahudi nje ya Israeli yamepatwa na hali ya Naro kwa namna moja au nyingine: mahali pamebaki, wenyewe wameondoka. Sinagogi ya Ben Ezra katika Cairo ya Kale ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Inasimuliwa kwamba binti Farao alimwokota Musa karibu na hapo. Kilichoipa sifa duniani ni chumba cha karatasi chakavu. Sheria ya Kiyahudi hukataza kutupa maandishi yenye jina la Mungu, hivyo kwa karne nyingi watu wa Fustat, yaani hiyo Cairo ya Kale, walitumbukiza humo kila kitu, kuanzia vitabu vya sala mpaka hati za talaka, orodha za bei na barua za wafanyabiashara. Solomon Schechter wa Cambridge alifika mwishoni mwa mwaka 1896, akapewa ruhusa, akaondoka na vipande vipatavyo 193,000. Katika barua hizo yumo Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia, Tunisia, aliyeishi miaka mingi Mangalore, India, katika karne ya 12, akipeleka na kupokea bidhaa kupitia Aden kwa pepo zilezile zilizoleta majahazi kwetu. Serikali ya Misri ilikamilisha ukarabati wa Ben Ezra na kuifungua upya mwaka 2023. Imependeza sana. Lakini Wayahudi waliobaki Misri wanahesabika kwa vidole, na anayeingia hutazama dari, akatoka.

Huko Iraq, katika mji wa al-Kifl kusini mwa Babeli ya kale, lipo kaburi la Nabii Ezekieli, ambaye Waislamu wengi wa pale humtambua kuwa ndiye Dhulkifli. Msafiri Benjamin wa Tudela alipita hapo katika karne ya 12 na kueleza umati wa Wayahudi waliokuja kusali, pamoja na Waislamu walioliheshimu. Baada ya mwaka 1951, Wayahudi wapatao 120,000 walipokuwa wamehamishiwa Israeli, ziara ya Kiyahudi ilikoma. Mahali pamekuwa msikiti wa Kishia, na wanaolizuru kaburi ni mahujaji wanaopita kati ya Hilla na Najaf. Maandishi ya Kiebrania bado yapo ukutani. Utakatifu wa mahali haukupotea. Umebadilisha wenyeji tu.

Djerba imenusurika hali hiyo kwa tundu la sindano. Mwaka 1948 Tunisia ilikuwa na Wayahudi wapatao 100,000. Leo wamebaki takriban 1,500, wengi wao wakiwa kisiwani humu. Wa Tunis na Sousse, waliosoma Kifaransa na kuvaa Kifaransa, ndio walioondoka mapema. Wa Djerba walizikataa shule za Kifaransa walizoletewa, wakashikilia vyuo vyao vya Torati na kazi yao ya usonara. Ukaidi uliokuwa ukichekwa mijini ndio uliowabakiza. Watoto wa Hara Kebira bado wanaonekana asubuhi wakikimbilia chuoni na mabegi mgongoni, na maduka ya vito ya Houmt Souk bado yana mafundi wa Kiyahudi.

Kubaki kwao kumelipiwa. Mwezi Februari 1943, Wajerumani walipoikalia Tunisia, ofisa wao aliwadai Wayahudi wa Djerba kilo 50 za dhahabu kwa muda wa saa chache, la sivyo mitaa yao ingepigwa mabomu. Wazee walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya bangili, hereni na pete, wakafikisha zaidi ya kilo 40. Miezi mitatu baadaye Wajerumani walikuwa wameshindwa Tunisia, na dhahabu haikurudi. Mwaka 1985, siku ya sikukuu ya Torati, mlinzi aliyepewa kazi ya kulinda Ghriba aliwafyatulia risasi waumini. Tarehe 11 Aprili 2002 mtu wa al-Qaeda alilipua lori la gesi ukutani mwa sinagogi. Miongoni mwa waliokufa walikuwa watalii 14 Wajerumani. Na usiku wa tarehe 9 Mei 2023, ziara ikiwa inafungwa baada ya kupokea mahujaji zaidi ya 5,000, askari wa kikosi cha ulinzi alimuua mwenzake, akachukua silaha, akaenda Ghriba na kuua mahujaji wawili wa ukoo mmoja pamoja na walinzi wengine. Mara mbili katika matukio haya muuaji alitoka upande wa wanaolinda. Askari wa pale mlangoni wanalijua hilo, na wazee wanaosoma Zaburi ndani wanalijua.

Miezi minne baada ya mauaji hayo, Septemba 2023, UNESCO iliiingiza Djerba katika orodha ya urithi wa dunia, kwa jinsi makazi yake yalivyotawanyika na dini zake zilivyoishi jirani. Wiki chache baadaye vita vya Gaza vikaanza. Ziara ya 2024 ikabanwa ndani ya kuta za sinagogi: mishumaa na mayai vilikuwapo, maandamano ya Menara hayakuwapo. Siasa haijawahi kuwa mbali na pango lile. Mwaka 2014 waziri wa utalii, Amel Karboul, alifikishwa bungeni kujibu kwa nini watalii wenye pasipoti za Israeli waliruhusiwa kuingia. Miaka minne baadaye wizara hiyohiyo ikapewa René Trabelsi, Myahudi wa Djerba ambaye baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa Ghriba. Tunisia inaitaka ziara hii kwa sababu ya hoteli na sura nzuri nje ya nchi, na inaiogopa kwa sababu hizohizo.

Kwa anayetaka kwenda, Djerba ina uwanja wa ndege, na kutoka bara unaweza kuvuka kwa kivuko kutoka Jorf hadi Ajim, au kwa gari juu ya njia iliyojengwa baharini tangu zama za Warumi. Erriadh yenyewe inastahili asubuhi nzima. Mwaka 2014 wachoraji wa nchi nyingi walialikwa kupamba kuta zake, kwa hiyo njiani kuelekea Ghriba utapita kwenye picha kubwa za rangi juu ya nyumba nyeupe za udongo na chokaa. Chukua pasipoti, si nakala yake. Wakati wa ziara utapata shangwe, foleni, na hoteli zilizojaa. Wakati mwingine wowote utapata ukumbi mtulivu na pengine mzee atakayekuonyesha pango kwa mkono bila kuacha kusoma. Sanduku la sadaka liko wazi machoni, na si vibaya kutia chochote. Jumamosi usiende. Ni Sabato, na siku hiyo sinagogi ni ya wenyewe.